Uvimbe wa jirani umeyeyuka, wa Mama bado

Leo ni siku ya 14 ya mionzi ya Mama hapa Nakuru. Tunatoka Molo saa kumi na moja alfajiri, na mnaijua baridi ya Molo.

Kwenye benchi tumezoeana na mzee mmoja mwenye limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Wiki ya pili tu, vinundu vyake vya shingoni vimenywea. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, na jana akaniuliza, "Kwani hiyo mashine inampenda yule peke yake?"

Nikamuuliza daktari. Akasema seli za limfoma hufa kwa dozi ndogo, ilhali za melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ni sugu. Tena hata ndani ya uvimbe mmoja hazilingani: seli inayokaribia kugawanyika huumia upesi, inayomalizia kunakili DNA yake hustahimili. Ndiyo maana dozi hukatwakatwa, siku 5 kwa wiki, ili iliyoponea Jumatatu inaswe siku nyingine ikiwa pabaya.

Lakini lililonishangaza ni oksijeni. Seli iliyokosa hewa katikati ya uvimbe huweza kuhitaji karibu mara 3 ya mionzi inayoua ile iliyoshiba. Na oksijeni hubebwa na damu; kumbe ndiyo sababu walihangaika damu ya Mama ilipopungua! Mimi nilidhani wanatuongezea bili tu.

Nilipomweleza Mama akacheka: "Basi wangu ni mkaidi kama babako."

Zimebaki siku 11. Kesho alfajiri tuko steji tena.