Bibi na kuku wa Saranda

Siku ya arobaini ya bibi, kila aliyesimama kuzungumza alisema marehemu alikuwa mpole. Wajomba walisema, majirani wakasema, hata mzee mmoja aliyewahi kufukuzwa barazani kwa mwiko naye akasema. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Lakini bibi yangu mzaa mama hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkali, mwepesi wa hesabu, na ukoo mzima aliuendesha kwa jicho. Ukichelewa kusalimia alikumbuka. Ukikopa alikumbuka zaidi.

Alikuwa mtu wa Ujiji. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, ila alikuwa akisema amezaliwa mwaka Liemba ilipoanza kazi ziwani, yaani 1927, pale meli ile ya Wajerumani iliyozamishwa wakati wa vita, ikaja kuibuliwa, ilipopewa jina jipya. Baba yake alikuwa mpakizi bandarini Kigoma. Yeye mwenyewe aliuza mawese na dagaa, na kwa mawese na dagaa alisomesha watoto wote, wa kike kwa wa kiume. Hesabu zake aliziandika kwenye daftari, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Miaka ya 1970 serikali ilipohimiza kisomo cha watu wazima alihudhuria, akafaulu, akarudi kwenye herufi zake zile zile. "Zenu mnazisoma wote," alisema.

Safari ninayotaka kuieleza ni ya 1998, msimu wa mvua za El Niño. Binti wa mjomba mkubwa alikuwa anaolewa Dar es Salaam na bibi aliamua kwenda na mimi, nikiwa bado shule ya msingi. "Mume wangu atanibebea mizigo," aliwaambia watu stesheni Kigoma, na mume mwenyewe nilikuwa nimemfika kiunoni. Mizigo ilikuwa gunia la dagaa, migebuka mikavu iliyofungwa kwenye kikapu, na dumu la mawese la lita ishirini, mdomo wake umezibwa kwa nailoni na kipande cha gunzi. Dumu hilo nililikumbatia kwa miguu njia nzima. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese mapaja yananiuma.

Tulipanda daraja la tatu. Uvinza bibi alinunua chumvi kupitia dirishani. Tabora tulisubiri sana, maana hapo ndipo mabehewa ya Mwanza huungwa na ya Kigoma, na watu waliuza asali kwenye chupa za soda. Bibi alionja kwa kidole, akasema imechanganywa na sukari, akamrudishia mwenye chupa. Yule kijana hakubisha.

Saranda treni ikasimama, na haikuondoka tena. Habari zilifika behewa kwa behewa: mbele huko, kati ya Gulwe na Kilosa, ambako reli inafuatana na mto, maji yamekula tuta na reli inaning'inia. Hakuna aliyejua tutakaa hapo mpaka lini.

Aliyepita njia ile anajua Saranda ni kuku. Treni ikifika, wauzaji wanajaa madirishani na sinia vichwani, kuku wamekaangwa mpaka ngozi inameta. Asubuhi ile bei ilikuwa ya kawaida. Habari za reli zilipowafikia wauzaji, kabla ya adhuhuri bei ikawa maradufu, na watu wenye watoto wakaanza kununua huku wakinung'unika.

Bibi alisimama katikati ya behewa. "Hakuna anayenunua," alisema.

Mtu mmoja akacheka. Bibi akamtazama mpaka kicheko kikaisha. Kisha akatoa amri: mwenye unga alete unga, mwenye sufuria alete sufuria. Chumvi ilikuwapo, ya Uvinza. Dagaa na mawese alitoa yeye, na hapo ndipo watu walipojua huyu mama hatanii, maana ile ilikuwa mali ya biashara. Alishuka, akaazima jiko la mkaa kwa mama mmoja wa nyumba za karibu na stesheni, akapika palepale kando ya reli, hatua chache tu kutoka kwenye sinia za kuku. Dagaa wa Kigoma wakikutana na mawese ya moto, harufu yake haijifichi. Watu wa mabehewa mengine wakaja na sahani zao. Wauzaji wakakaa chini wakitutazama, na inzi nao wakiwatazama kuku.

"Kuku akishachinjwa hana kesho," bibi aliniambia kwa sauti ya kutosha kusikika na wenye kuku.

Jioni kijana mmoja akaja na sinia. "Shikamoo bi mkubwa. Chukueni basi kwa bei ya asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi ilikuwa asubuhi. Sasa hivi kunakuchwa."

Akapunguza. Bibi akamshukuru, akawageukia abiria: "Sasa nunueni."

Kwenye benchi letu alikuwapo dada aliyepandia Urambo, ana mtoto mchanga, na ilionekana wazi pesa zimemwishia. Bibi alinunua nusu kuku, akampa, kisha mbele yake akatoa daftari akaandika. "Utanilipa." Yule dada akauliza atampata wapi. "Ujiji. Muulize yeyote." Mimi niliona aibu. Usiku nilimuuliza kwa nini asimpe tu. Akasema, "Yule ni mtu mzima, ana mume na nyumba. Nikimpa bure nimemfanya ombaomba mbele ya behewa zima."

Baada ya arobaini mjomba mkubwa alimwita maalimu aje asome lile rundo la madaftari, ijulikane nani anadai na nani anadaiwa. Katika lile la 1998 deni lile lilikuwamo: mama wa mtoto, Saranda, nusu kuku. Halikuwa limekatwa. Mjomba akatangaza kwamba familia imesamehe. Bibi asingesamehe, nina hakika, ila angempikia chai mdaiwa akija.

Mwishowe treni ilitusogeza hadi Dodoma, tukapanda basi. Kondakta hakutaka dumu la mawese ndani wala juu. Sikumbuki bibi alimwambia nini. Nakumbuka tu kwamba kondakta mwenyewe ndiye aliyelifunga kamba kwenye keria, mara mbili.

Magomeni tulifika harusi imeshapita. Maturubai yalikuwa yanakunjwa, masufuria ya kukodi yanarudishwa kwa wenyewe. Wajomba walisimama mlangoni kama watoto wa madrasa waliosahau sura. Bibi aliwapita, akaingia ndani, akamkumbatia mjukuu wake, akampigia vigelegele peke yake, akala pilau lililobaki. Halafu akanawa mikono, akataka aletewe daftari la michango.

Lilikuwa la herufi za kawaida, kwa hiyo nilisoma mimi. Jina na ahadi, jina na alichotoa. Nilipofika kwa mjomba mdogo nikasoma haraka haraka ili nipite.

"Rudia hapo," bibi alisema.

Nikarudia. Ahadi ilikuwapo, malipo hapakuwa.

Mjomba mdogo, mtu mwenye mvi na watoto watano, akakohoa. "Mama, hiyo naitoa mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi upi?"