Nilivyoipanga harusi ya mdogo wangu Bagamoyo kwa kufuata mwezi na maji

Mdogo wangu wa mwisho aliolewa Bagamoyo, Jumamosi ya tarehe 23 Septemba 2023, na shughuli yake ikafanyika kwenye ufukwe uleule ambao miezi mitatu na nusu nyuma ulikuwa umetutoa machozi. Wengi wameniuliza tulifanyaje, na kila ninapoulizwa huanzia kwenye siku ile ya machozi, kwa kuwa karibu kila kitu kilichotunyookea mwezi Septemba tulikijua kutokana na yaliyotuharibikia mwezi Juni.

Kwetu ni Bagamoyo kwa upande wa baba, ingawa wengi wetu tunaishi Dar es Salaam. Wazazi wetu wametangulia mbele ya haki, hivyo mimi, dada mkubwa, ndiye niliyebeba jukumu la kumtoa mdogo wangu nyumbani kwa heshima, naye ombi lake lilikuwa moja tu tangu alipokuwa mdogo, kwamba siku yake akae na watu wake mbele ya bahari ya kwao. Tukaona tuanze na siku ya kuvishwa pete, iwe kama kipimo cha harusi yenyewe.

Mpambaji tuliyemchukua kutoka Dar es Salaam alitushauri tuchague usiku wa mwezi mpevu, akisema mbalamwezi itatupunguzia gharama za taa na picha zitapendeza. Msimamizi wa hoteli ya ufukweni tuliyolipia arubuni alinihakikishia kwa kinywa chake kwamba maji hayafiki pale wanapopanga meza, kwani yeye yupo pale mwaka wa tatu. Niliwaamini wote wawili. Tukapanga Jumapili ya tarehe 4 Juni, saa 10 jioni, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka kuhesabu kwamba siku hiyo ilikuwa mwezi 15 Mfungo Pili, yaani siku ya 15 ya mwezi wa pili baada ya Ramadhani kwa kalenda ya Kiislamu.

Saa 8 mchana ufukwe ulikuwa mpana na mtulivu. Vijana walitandika mazulia mekundu juu ya mchanga, wakapanga viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, na meza ya wazee ikawekwa mbele kabisa, karibu na maji, kwa heshima yao. Ilipofika saa 9 na nusu, wimbi moja jembamba likaja likalowesha pindo la zulia la mbele, likarudi. Tukasogeza zulia hatua tatu. Dakika chache baadaye likaja jingine, halikurudi mpaka lilipokwisha kuzunguka miguu ya meza ya wazee. Upepo wa kusi nao ulikuwa unavuma, unayasukuma mawimbi kwetu na kupindua matao ya maua. Nilimwona shangazi yangu amebeba sinia la sambusa kichwani, maji yamemfika kwenye fundo la mguu, huku vijana sita wakilinyanyua jenereta na kukimbia nalo ukutani, na mtu wa muziki akichomoa nyaya mojamoja kwa hofu ya shoti. Wakwe zetu walifika saa 10 kamili wakatukuta tumejipanga kwenye veranda, tumebanana, wengine wamesimama. Mdogo wangu alivishwa pete pale kwenye veranda, karibu na mlango wa jikoni, na machozi aliyoyatoa hayakuwa ya furaha. Mazulia yaliyolowa maji ya chumvi tulitozwa faini, karibu laki tatu, na arubuni ya harusi tulikuwa tumeshaitoa hotelini na hairudi.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa baba mdogo, ambaye amevua katika bahari ile tangu ujana wake mpaka miguu ilipomzuia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia. Nani aliwachagulieni siku?"

Nilipomtajia mpambaji, alitikisa kichwa. "Mwezi 15 ni bamvua, maji makubwa. Hujaa alasiri, saa 10 hiyohiyo mnayokaa kula. Mwanangu, mngeniuliza mimi."

Akanichukua mpaka ufukweni akanionyesha kwa fimbo yake mistari miwili ya mwani mkavu. Mstari wa juu, uliokaribia ukuta wa hoteli, ndipo bamvua linapofika. Wa chini, mbali kabisa, ndio mwisho wa maji mafu. Mistari ile ilikuwa hapo siku zote, mbele ya macho ya msimamizi na yangu pia. Alinieleza kwamba mwezi unapoandama na unapopevuka, ndipo bahari inapojaa sana na kupwa sana, kwa sababu jua na mwezi vinaivuta kwa mstari mmoja. Kisha maji huchelewa kila siku, kwa wastani wa dakika 50 hivi, na nguvu zake hupungua, mpaka kufikia mwezi 7, 8 na 9, na tena 22 na 23, ambapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Katika siku hizo, kwa pwani yetu hii, alasiri maji huwa yamekwenda chini, na hata yanapopanda usiku hayavuki mstari wa chini. Mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaijua bahari bila kufika baharini, na sisi kalenda hiyo tunayo majumbani, tunaitazama Ramadhani tu.

Kwa hiyo niliporudi kwenye kamati nilikuwa na sharti moja: tarehe iamuliwe kwanza, ukumbi na kadi baadaye. Tulitaka Jumamosi, kusi liwe limepungua nguvu, mvua za vuli ziwe hazijaanza, na iwe ndani ya siku za maji mafu. Baba mdogo aliongeza jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote: tuchukue maji mafu ya mwanzo wa mwezi, tuyaache ya mwisho, kwa sababu mwezi wa siku ya saba au ya nane huwa nusu na wakati wa Magharibi unakuwa karibu na utosi, unawamulikia watu mpaka karibu usiku wa manane, ilhali ule wa siku ya 22 huchomoza watu wakiwa wamelala. Mbalamwezi aliyoitaka mpambaji tuliipata bila kuletewa bahari mezani. Ikaangukia Jumamosi ya mwezi 7 Mfungo Sita, ndiyo tarehe 23 Septemba. Mwandamo unaweza kutofautiana kwa siku moja, lakini kwa kuwa maji mafu hudumu siku mbili tatu, hilo halikutusumbua. Lililotusumbua ni kwamba Mfungo Sita ni mwezi wa maulidi na wasomaji wote wana ahadi, hivyo atakayechagua mwezi huo awashike mapema sana, kama tulivyofanya sisi mwezi Julai.

Sikutosheka na maneno, kwani nilikuwa nimeshaumwa na nyoka. Mwanzoni mwa Agosti, mwezi ulipopevuka, nilikwenda ufukweni alasiri nikasubiri maji yafike mwisho wake, nikapigilia kigingi. Tarehe 25 Agosti, siku ya maji mafu, nikarudi, nikakaa mpaka maji yalipojaa usiku, nikapigilia cha pili. Kati ya vigingi hivyo viwili nilihesabu hatua 24. Msimamizi wa hoteli nilimwita akaviona, na mkataba mpya wa upangaji wa meza tuliuandika kwa kutaja vigingi vile.

Maji mafu yana gharama yake jikoni. Pweza hutafutwa zaidi wakati wa bamvua, miamba inapokuwa wazi, na mdogo wangu alitaka pweza wa nazi awepo kwenye meza ya wakwe. Tulimnunua wiki moja kabla, mwezi ulipoandama, tukamgandisha. Changu na nguru tulichukua mnadani Ijumaa asubuhi, na hapo nilimtuma kijana wa baba mdogo na ndoo mbili kama anayenunua kwa ajili ya genge, kwa sababu mwanamke aliyefunga kanga ya sare akitaja neno shughuli, bei hupanda papo hapo. Samaki wote waligharimu laki nne na kitu. Pilau alipika mpishi wa mtaani kwetu na hakuna aliyebaki na njaa.

Mpiga picha alinitia hasira. Alikuwa ameshamwahidi mdogo wangu picha za jua likizama baharini, na alikuja na mifano ya picha hizo kwenye simu. Nilimsimamisha ufukweni nikamwomba aelekeze kidole mahali jua linapozama. Bagamoyo inatazama mashariki, Unguja iko ng'ambo ile, na jua huzama nyuma ya mji, kwenye minazi. Ukitaka jua na bahari katika picha moja, amka alfajiri. Tukakubaliana maharusi wapigwe picha kesho yake saa 12 na nusu asubuhi, na ndizo zilizotundikwa sebuleni kwao leo. Alitaka pia tuwapeleke maharusi Kaole, kilomita kama tano kusini, wakae juu ya makaburi ya nguzo. Hilo nililikataa moja kwa moja. Ule ni msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya watu ambao wengine bado wanakwenda kuwaombea dua, na bibi harusi hakalii kaburi la mtu. Tulipiga picha kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, baada ya kubisha hodi na kuwaomba wenye nyumba, ambao walitupokea vizuri na mmoja akatutolea kiti chake.

Tuliambiwa pia kwamba wageni wa Dar es Salaam hawatafika, kwamba kilomita 70 ni nyingi. Walifika wote. Tulikodi Kosta mbili zikaondoka Mwenge saa 6 mchana badala ya saa 8 tuliyoshauriwa, na foleni ya Tegeta na Bunju ikaisha zikiwa na muda wa kutosha. Ambaye atachelewa kuagiza vyumba atazame kwanza tarehe za tamasha la sanaa la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maana mji ule unapojaa wasanii na wageni wao, nyumba za kulala hazipatikani.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya sala ya alasiri. Saa 11 jioni tulikuwa ufukweni, na maji yalikuwa mbali, mchanga umekauka, watoto wanakimbia mahali ambapo mwezi Juni shangazi alisimama na sinia. Meza ya wazee tuliiweka mbele kabisa, kama tulivyotaka tangu mwanzo. Tulipotoka kuswali Magharibi mwezi nusu ulikuwa juu yetu, na mtu wa taa akaniuliza kama azime baadhi ili watu wauone, nikamwambia azime. Mdogo wangu alikaa na mumewe kwenye zulia jekundu, amevua viatu, akitazama alikokuwa ametaka kutazama miaka yote. Baba mdogo alikwenda kwenye kigingi mara mbili, saa 2 na saa 4 usiku, na mara zote mbili alirudi akaketi bila kusema neno, nami nikajua.

Jumapili mchana niliwarudishia wenye mazulia mazulia yao. Yule mama aliyenitoza faini mwezi Juni aliyakunjua moja baada ya jingine, akapitisha kiganja kwenye kila pindo akitafuta chumvi, kisha akanirudishia arubuni yangu yote ya mazulia.