Moshi Uliotoka Ardhini

"Sasa Nicodemus yenyewe iko wapi?" Nilimuuliza mume wangu hivyo, kumbe tumeshafika. Barabara namba 24 imenyooka, mashamba pande zote, na kando yake nyumba chache zilizoachana. Hapa kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, Nicodemus haina meya wala baraza la mji. Kisheria ni makazi tu ndani ya kaunti ya Graham.

Swali langu lilikwishaulizwa zamani. Willina Hickman alifika mwaka 1878 kutoka Kentucky pamoja na mumewe, mchungaji Daniel Hickman. Alitazama huku na huku asione mji. Mumewe akamwonyesha moshi ukifuka kutoka ardhini: pale ndipo Nicodemus. Watu walikuwa wamechimba mashimo wakakaa humo, maana miti ya kujengea ilikuwa adimu. Willina akalia. Nami niliposoma habari hiyo nilishindwa kuendelea kwa muda. Hawa walikuwa Wamarekani weusi waliotoka utumwani miaka kumi na kitu tu, wakaahidiwa ardhi yao wenyewe, na walichokikuta ni upepo na nyasi. Familia kadhaa zilirudi zilikotoka. Waliobaki walilima, wengine bila hata plau.

Wakafika mbali kuliko nilivyodhani. Zachary Fletcher, msimamizi wa kwanza wa posta, alijenga hoteli ya St. Francis, na mkewe Jenny akafundisha shule. Edward McCabe, aliyehamia hapa mwaka 1878, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Kufikia 1887 mji ulikuwa na magazeti mawili.

Kisha likaja suala la reli. Mwaka huohuo wa 1887 wapiga kura waliidhinisha hati fungani (mkopo) za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific ipite hapa. Mazungumzo yakavunjika. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ikapitisha njia yake kusini ya mto Solomon, na wenye maduka wakahamia ng'ambo, ulipoota mji wa Bogue. Inaniuma kila ninapoiwaza: maili chache tu, na mji mzima unakatika pumzi. Baadaye dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zikawahamisha wengine, na mwaka 1953 posta ikafungwa.

Lakini wajukuu hawakuacha kuja. Kila mwisho wa Julai wanarudi kutoka majimbo mbalimbali kuadhimisha ukombozi wa watumwa, na tangu 1996 mahali hapa panalindwa kama eneo la kihistoria la taifa. Siku tuliyofika ilikuwa siku ya sherehe hiyo. Mama mmoja mwenye kofia nyeupe alituuliza tumetokea wapi. Kisha akanishika mkono, akanionyesha bonde dogo lililoota nyasi, mahali lilipokuwa shimo la babu wa babu yake. Alipomaliza kusimulia akatuvutia viti viwili mezani kwao, akaenda kutafuta sahani.