Kina cha "home" mbele ya cherehani ya mjomba

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu mjini Tanga. Madam wa Kiingereza akanipa kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kupewa shuleni: kutunga shairi la Kiingereza la kuwaaga kidato cha nne siku ya mahafali. Sharti lilikuwa moja, kila ubeti uishie na neno home. Wengi wa wahitimu walikuwa wa bweni, wametoka Lushoto, Korogwe na Pangani, naye alitaka waondoke na neno hilo masikioni.

Nimelelewa na mashairi ya Kiswahili, ambamo mtu akihitaji kina cha -mu anachota tu: hamu, damu, zamu, salamu, kalamu, mwalimu. Kiingereza nilikikuta kibahili. Kamusi ya maktaba haikufaa kitu, kwa sababu imepangwa kwa mwanzo wa neno, na kina kiko mwishoni. Nikaamua kuipitia alfabeti mwenyewe, nabandika konsonanti mbele ya sauti ile na kusikiliza kama neno lipo. Nikapata foam, yaani povu, roam, kuzurura, dome, kuba, Rome, mji wa Papa, chrome, ile inayong'aa kwenye usukani wa baiskeli. Nikapata na comb, kitana, ambalo b yake ya mwisho haitamkwi.

Jioni nikaenda Ngamiani kwa mjomba. Alikuwa fundi cherehani, na mashairi yake yalikuwa yakitoka gazetini. Kiingereza alikijua kwa kuokoteza, na hicho hasa ndicho kilichonipeleka kwake: nilitaka sikio ambalo halijafungwa na tahajia. Home, come na some zimeandikwa mwisho mmoja, lakini zinatamkwa tofauti. Comb, tomb na bomb nazo zinafanana kwenye karatasi, ukizitamka kila moja inashika njia yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kaa, lakini hiyo suruali ni ya watu, isogeze."

Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo. Nikamweleza shida yangu, akasema nisome yeye akishona. Nilitamka home, kisha neno jingine, halafu home tena. Neno likilingana, mguu wake uliendelea kukanyaga pedali. Lisipolingana, cherehani ilisimama. Foam, ikaendelea. Comb, ikaendelea. Come, ikasimama.

"Hilo ni kam. Umetoka kwenye o umeingia kwenye a."

Tomb, ikasimama. "Hilo tum." Bomb, ikaendelea. From, ikaendelea.

Hapo nikasimama mimi. Madam alikuwa ametufundisha kwamba Mwingereza akitamka home, ile o haitulii, inateleza kuelekea u. Ya from ni fupi na haisogei. Kwa Mwingereza hizo si kina. Nikamweleza mjomba.

"Mahafali yanafanyika wapi?" akaniuliza.

"Shuleni."

"Watakaosikiliza ni nani?"

Ni wazazi, walimu na wanafunzi, watu wenye irabu tano kama mimi. Tukitamka sisi, home na from zina o moja na m moja. Tangu siku hiyo naamini kwamba kina ni cha sikio linalosikiliza, wala sijaona sababu ya kubadili msimamo.

Kazi ngumu ilikuja kwenye alone, stone na phone. Pedali ilipunguza mwendo, ikasita, ikasimama. Katika shairi letu -ma na -na hazikutani. Anayezikutanisha ameleta guni, yaani shairi lenye kasoro, na mjomba alizishika sheria za kutunga mashairi alizoziandika mshairi Amri Abedi miaka ya 1950 kama mtu ashikavyo sala. Nilitegemea alone litakataliwa palepale. Badala yake akaliweka kwenye mahadhi ya shairi, akalighani polepole, akavuta alone, akavuta home, macho kafumba. Nilikuwa karibu, nikaona kinywa chake: kwenye n midomo ilibaki wazi, ulimi umegusa nyuma ya meno; kwenye m midomo ikafumba. Lakini sauti zote mbili zilitokea puani, na zilirefuka sawasawa.

"Kwa sheria, guni," akasema. "Kwa aliyekaa safu ya nyuma, hawezi kuzitenganisha."

Akaghani tena, na safari hii mahadhi yakamdai irabu ya mwisho, akajikuta anasema homu. Akafungua macho. "Mjomba! Hii si -mu? Homu, hamu, salamu!"

Pale nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza darasani. Sisi tunatazama silabi ya mwisho, ambayo kwa kawaida haina mkazo. Ndiyo maana elimu na kalamu kwetu ni vina safi ingawa zimetanguliwa na i na a. Mwingereza anaanzia kwenye irabu yenye mkazo, na kuanzia hapo hadi mwisho kila kitu kifanane. Kwa kipimo chake elimu na kalamu hazijakamilika. Kwa kipimo chetu home na alone ni kosa. Nilirudi bwenini usiku huo nikitamka maneno njia nzima.

Madam alisoma shairi na kalamu nyekundu mkononi. Alone hakuligusa. Alisema Kiingereza kina vina kamili na vina vya karibu, akanitajia mshairi Emily Dickinson wa Amherst, Marekani, aliyevitumia vile vya karibu kwa kupenda, na Wilfred Owen, mshairi na askari aliyeuawa Novemba 1918 wiki moja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwisha, ambaye vina visivyofungana vilibeba uchungu wa mahandaki. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba John Walker alitoa kamusi ya vina London mwaka 1775, na ndani yake akatenga vina kamili na vinavyoruhusiwa. Kumbe mgawanyo ule una umri mkubwa hivyo.

Kwenye from aliweka alama ya kuuliza. Akaniambia nisimame nisome kwa sauti:

"Do not forget where you are from;
The path you left still leads you home."

Maana yake, msisahau mlikotoka, njia mliyoiacha bado inafika nyumbani. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akaikata ile alama ya kuuliza.

Ubeti wa mwisho ulikuwa wa mjomba na mimi:

"Mwende mkiwa na hamu,
mpeleke na salamu,
all the way until you're home."

Siku ya mahafali nilianza na povu la bahari ya Tanga, foam na home, na ukumbi ukasikiliza kwa adabu. Ubeti wa pili ulikuwa wa alone, na baadhi ya wahitimu wakalisema home pamoja nami. Nilipofika kwenye from nikavuta pumzi kabla ya mstari wa pili kwisha, na kabla sijafungua mdomo ukumbi mzima, wazazi kwa wanafunzi, ulikuwa umeshalitaja neno.