Siku moja na gari la sinema, vilima vya kusini mwa Hebron

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ramallah, Ukingo wa Magharibi, Palestina. Nilikuja kusoma Kiarabu Chuo Kikuu cha Birzeit. Masomo yakaisha, nikabaki na projekta. Tuko wanne na gari moja la mizigo, tunapeleka sinema vijijini. Kupakia ni kazi yangu: projekta, spika, nyaya, betri, fremu ya skrini ya kukunja, na mifuko mitupu ya mchanga.

Saa moja asubuhi, barabarani. Njia fupi ya kwenda Hebron inapita Yerusalemu, lakini si kwa gari lenye namba za Kipalestina. Tunazunguka mashariki, tunateremka Wadi al-Nar, tunapanda hadi kizuizi kinachoitwa Container. Askari anataka boksi la projekta lifunguliwe. Ni la nini? "Katuni," dereva anajibu. Tunangoja.

Saa tano, mjini Yatta: mikate, maji, juisi za watoto. Mbele ya hapo lami inaisha.

Saa saba mchana tunaingia kijijini, katika eneo la vijiji vidogo liitwalo Masafer Yatta. Jina la kijiji naliacha makusudi. Wenyeji ni wafugaji wa kondoo na mbuzi, na wengine bado wanaishi mapangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Israel lilitangaza eneo hili kuwa uwanja wa kulengea shabaha, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Israel ikaruhusu watu waondolewe. Tena hapa ni Eneo C, ile asilimia 60 hivi ya Ukingo wa Magharibi ambako kibali cha kujenga hutolewa na Israel, na Mpalestina hukipata kwa nadra sana. Siasa hiyo humfikia hata fundi wa sinema. Sichimbi shimo wala simwagi zege. Fremu inashikiliwa na mifuko ya mchanga tu. Sitaki mtu aje aiite jengo.

Saa kumi alasiri upepo wa Mediterania unapanda vilima, na skrini inageuka tanga. Tunaisogeza nyuma ya ukuta wa zizi, vijana wanaongeza mchanga. Gridi ya umeme haijafika huku. Kuna sola, lakini hiyo ni ya taa na majokofu ya jibini, siigusi. Projekta hula wati 400 hivi, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu inataka saa-wati 600 kabla ya spika. Ndiyo maana betri yetu hubebwa na watu wawili.

Saa kumi na moja na nusu, chai ya maramia (majani ya seji) na mazungumzo ya filamu. Bibi mmoja anamaliza mjadala: "Mwanangu, usituletee nyumba zinazobomolewa. Hizo tunaziona bure." Basi ni katuni iliyotiwa sauti ya Kiarabu, maana watoto wadogo hawawezi kukimbizana na maandishi. Kwetu angeitwa DJ atafsiri huku akitia chumvi, na ukweli ni kwamba ingenoga zaidi.

Saa tatu kasorobo usiku giza limeshiba. Skrini tumeigeuzia bondeni ili mwanga usionekane kutoka kwa walowezi wa Kiisraeli walio kilimani, na sauti tumeishusha. Katikati ya filamu taa za gari zinatokea juu. Nafunika lenzi. Watoto wananyamaza bila kuambiwa, jambo ambalo sijalizoea na sitaki kulizoea. Gari linapita. Kijana wa miaka kama saba anadai nirudishe nyuma, hakumwona mbwa akianguka kisimani. Narudisha. Anacheka kabla mbwa hajafika.

Saa tano usiku tumeshafunga mizigo, ila habari inatufikia kwamba lango la barabara kuu limefungwa. Tutalala hapa. Kina mama hawajasikitika hata kidogo: wanataka onyesho lao kesho saa nane mchana, pangoni, ambako giza ni la bure na upepo hauingii. Bibi ameshachagua: filamu ya zamani ya Misri, na lazima iwe na harusi.