Hotpoti ya mama, kutoka Voi hadi Nairobi

Jumamosi ya mwisho ya Juni nilipanda treni ya SGR pale Voi na begi moja tu na hotpoti ya kimanga, chakula chetu cha Kitaita, iliyofungwa leso. Mama alinipa bila kuniangalia, akasema "mpelekee huyo", na huyo ni kitinda mimba wake ambaye hajamtaja jina tangu aondoke nyumbani, mwaka wa nne sasa. Mdogo wangu ni shoga, natumia neno hilo kwa sababu mwenyewe analitumia. Alikuwa akipiga kinanda kanisani kwetu, na siku aliposomewa mbele ya watu wote kwamba amezuiwa Meza ya Bwana mimi nilikuwa pale kwenye mstari wa soprano na joho la kwaya mwilini, na sikufungua mdomo. Hilo limenikaa kifuani hadi leo.

Mtito, Kibwezi, Emali, sikulala hata kidogo, hotpoti mapajani. Mama mmoja wa kiti cha pili akaniuliza chakula ni cha nani nikamwambia cha ndugu yangu, akasema huyo amebarikiwa, nikageukia dirishani.

Syokimau nikashika ile treni ndogo ya kuingia tauni. Mdogo wangu alikuwa ananingoja stesheni ya Railways, kakonda. "Dadangu," akasema, na akapokea hotpoti kabla ya begi.

Sitataja jina la kanisa lake wala mtaa. Lokesheni inatumwa WhatsApp Jumapili asubuhi na haipewi mtu asiyejulikana, mimi dhamana yangu ilikuwa yeye. Watu huuliza kwani wanajificha nini, jamani, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema hadi miaka 14 jela kwa ngono ya jinsia moja, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, halafu Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema tu kwamba wana haki ya kusajili shirika lao kelele zikawa nyingi mpaka landilodi wa mdogo wangu akampa notisi wiki hiyo hiyo.

Matatu ilipopita karibu na All Saints Cathedral akaninong'oneza kwamba Oktoba 2013 Waanglikana wa GAFCON walikutana hapo, wale wanaopinga makanisa ya ng'ambo kukubali ndoa za mashoga. Mwaka huo yeye alikuwa kidato cha pili na kila usiku anamwomba Mungu ambadilishe. Mimi nililala chumba cha pili miaka hiyo yote na sikujua.

Chumba cha ibada kilikuwa cha kawaida kabisa, viti vya plastiki kama arobaini, mapazia yamefungwa, kinanda kimekatika noti mbili. Kwenye meza ya ushirika walitandika kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, kimepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana, na juu yake mkate na kikombe. Hiyo ndiyo Pride yao, ile sherehe ya fahari ya mashoga. Hakuna kuandamana barabarani, hakuna ngoma, ni watu wameketi na nguo zao nzuri za Jumapili.

Mchungaji ni mama wa makamo, sauti ya chini. Alisoma Matendo 8, yule towashi Mwethiopia aliyemuuliza Filipo ni nini kinamzuia asibatizwe, akatukumbusha kwamba Torati ilikuwa imemfungia mtu kama huyo nje ya kusanyiko na bado Filipo akashuka naye majini. Halafu akasimulia kitu sikuwa nimewahi kukisikia. Watu hudhani Pride ilianza New York Juni 1969 na kanisa likaja kudandia baadaye, kumbe Troy Perry, mhubiri wa Kipentekoste aliyekuwa ameshafukuzwa kwa sababu ni shoga, alianza ibada sebuleni kwake kule California Oktoba 1968 na watu 12, na mwaka 1970 akawa kati ya walioandaa maandamano ya kwanza ya Los Angeles. Akataja pia moto wa New Orleans wa Juni 24, 1973, watu 32 walikufa ndani ya baa ya mashoga, kati yao waumini wa kanisa lile alilolianzisha Perry na mchungaji wao, na kuna makanisa ya mji huo yaliyokataa kuwafanyia ibada ya mazishi. Hapo kijana aliyekaa mbele yangu akainamisha kichwa na jirani yake akamshika bega, mkono ukakaa pale mpaka sala ikaisha.

Mdogo wangu akaenda kwenye kinanda. Akipiga anaruka zile noti mbili mbovu, anazijua kama mashimo ya njia ya kwao. Mimi nikasimama nikaimba soprano, kwa sauti yote, nikilia.

Baadaye tulifungua hotpoti. Kimanga kilikuwa kimepoa lakini kikapakuliwa kidogo kidogo kwenye sahani za karatasi, na binti mmoja wa Vihiga aliyefukuzwa kwao akauliza nani amepika, mdogo wangu akasema "mamangu", akarudia tena, "mamangu".

Chombo hakirudi kitupu. Jumatatu kabla sijapanda treni aliosha hotpoti akaijaza majani chai pakiti mbili na sukari kilo moja. Mama aliipokea mlangoni, akaifungua, akatazama ndani muda mrefu bila neno. Akaniuliza bado anakunywa chai na tangawizi nyingi? Nikamwambia ndio. Akaingia jikoni kubandika maji.