Sekunde 19 na bili yangu ya ada

Juzi nasonga ugali mwanangu kaniletea simu usoni, klipu ya zamani, jamaa kava jezi nyeupe namba 10 anakimbilia kona ya uwanja. "Baba, huyu sahivi yuko wapi?" Nikabaki nimeshika mwiko, chini kunaungua.

Januari 4, 2006. Mimi niko Austin, shifti ya usiku kwenye sheli, kitivii kidogo juu ya friji ya soda. Vince Young, ndo huyo wa namba 10, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, hapohapo Austin, wako Pasadena wanagombea ubingwa wa vyuo wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, na USC, chuo cha California, watu wameshinda mechi 34 mfululizo. Tukawa nyuma 38-26 (nasema "tu" na sheria za huo mchezo nilikuwa nazijua nusunusu), Young akapunguza ikawa 38-33, kisha USC wakakosa yadi 2 tu walizohitaji kuendelea kushika mpira, ukarudi kwetu.

Jaribio la nne, ndo la mwisho, zinatakiwa yadi 5, zimebaki sekunde 26. Pale kaunta kuna mzee mmoja wa kizungu, kofia ya rangi ya chungwa, rangi ya Texas, kashika kahawa nusu saa nzima hajalipa na mimi sijamdai. Hakuna aliyekuwa ananunua kitu, hata yule wa sigara kaziacha. Young kapokea mpira, kaangalia wa kumrushia, hayupo, basi akatoka mbio upande wa kulia, na wala haonekani kama anakimbia, miguu mirefu ile, kama mtu anayeiendea daladala akijua dereva anamsubiri. Kagusa kona, ndo bao, tukawa mbele. Zimebaki sekunde 19. Mzee akanirukia juu ya kaunta kunikumbatia na kahawa yote ikamwagikia bili yangu ya ada ya muhula unaoanza, nilikuwa nimeiweka pale naitazama tu kama vile itapungua. Pole, pole, anafuta na kofia yake. Nikamwambia mzee wangu achana nayo, na wallahi dakika ile nilimaanisha. Narudi nyumbani alfajiri nikaona mnara wa chuo wote umewashwa rangi ya chungwa, taa za madirishani zimechora namba 1.

Siku chache baadaye Young akatangaza anakwenda NFL, ligi ya kulipwa, mwaka wake wa mwisho wa chuo hausubiri. Timu ya Titans wakamchukua, wa tatu kwenye orodha nzima ya waliochaguliwa, mwaka huohuo akabeba tuzo ya wachezaji wapya. Halafu ndo mambo ya kuachwa na timu, mara Philadelphia, mara kambi ya timu hii, mara ile, na 2014 akaenda mahakamani na madeni, mwaka huohuo akastaafu. Miaka 31. Mimi umri huo ndo nilikuwa naoa.

Bili ile sikuilipa. Nilijiambia nasimama muhula mmoja. Kwa hiyo mimi na Vince Young tumeacha chuo mwaka mmoja, yeye kwa mamilioni, mimi kwa kukosa dola, sijui kama hiyo inahesabika kufanana. Ila yeye 2013 alimaliza digrii yake, na mwaka uliofuata chuo kikampa kazi. Habari ile niliisoma nikiwa ndani ya gari, nikazima simu, nikakaa.

"Kumbe alirudi kumaliza," mwanangu anasema.

"Alirudi."

"Na wewe?"

Nikamwambia alete sahani, ukoko nitakula mimi.